Ulimi wa Mkristu Mbele ya Watu

Wazee husema: heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole likijikwaa, anayeumia ni mwenye dole peke yake, naye hupona baada ya siku chache. Ulimi ukijikwaa, huumia hata wale ambao hawakuwapo neno lilipotoka kinywani. Ndiyo maana yampasa kila mkatekumeni anayejitayarisha kupokea Ubatizo ajiulize: Je, mkristu ana ruhusa ya kumlaumu mwenzake mbele ya watu? Na kama anayo, aitumie namna gani?

MFANO WA SANDUKU LA DARAJA

Mfano huu wafaa kufikiriwa. Katika kijiji kimoja cha milima ya Masisi watu walichanga fedha za kununua mbao za daraja. Kijito chao ni kidogo wakati wa kiangazi, lakini mvua zikinyesha hufurika, kikawazuia watoto kwenda shule na akina mama kupeleka maharagwe sokoni. Walichanga faranga 600,000, wakaziweka katika sanduku, wakamkabidhi mtu mmoja ufunguo. Miezi minne ikapita, mbao hazikuonekana. Mwenye ufunguo alipoulizwa, alijibu tu kwamba mambo yanatengenezwa.

Wakatekumeni wawili walikuwa wakirudi nyumbani kutoka mafundisho. Yule kijana akasema: «Jumapili baada ya Misa, watu wakiwa wangali uwanjani, nitasimama niseme kwamba yeye ni mwizi. Nchi yetu ina uhuru, na sheria yaniruhusu kusema. Tena nitasema kwamba watu wa kabila lake wote ndivyo walivyo, tangu babu zao.» Yule mwenye umri mkubwa akajibu: «Sivyo, mdogo wangu. Mkristu hanyanyui sauti. Tunyamaze, tumwachie Mungu, maana yeye ndiye mwamuzi.»

Hawakupatana, wakarudi kwa katekista wao. Mzee huyo akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: «Ninyi nyote wawili mmepotea njia, mmoja kwa upande wa kuume na mwingine kwa upande wa kushoto. Ketini.»

KUNYAMAZA SI FADHILA SIKU ZOTE

Katekista alianza na yule aliyetaka kunyamaza, kwa kuwa kosa lake lilivaa nguo ya utakatifu, na kosa la namna hiyo ni gumu kulitambua.

Mungu alimpa binadamu ulimi ili autumie. Mfalme Daudi alipomchukua mke wa Uria na kumfanya mume wake afe vitani, nabii Natani hakunyamaza kwa kuwa mkosaji ni mfalme. Alimwendea, akamsimulia habari ya tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake wa pekee. Na Daudi alipokasirika kwa ajili ya tajiri huyo, Natani akamwonyesha kwamba tajiri huyo ni yeye mwenyewe. Yohane Mbatizaji naye alimwambia Herode waziwazi kwamba haikuwa halali kumtwaa mke wa ndugu yake. Ukweli huo ulimgharimu kichwa chake.

Eklezia huhesabu kumwonya mwenye kukosa miongoni mwa matendo ya huruma ya kiroho, pamoja na kuwafundisha wasiojua na kuwafariji wenye huzuni. Mtakatifu Toma wa Akwino alifundisha kwamba kumsahihisha ndugu ni tendo la mapendo. Na kwamba hata mdogo aweza kumsahihisha mkubwa wake, mradi afanye hivyo kwa heshima. Baba Mtakatifu Yohane wa 23, katika barua yake Pacem in Terris ya tarehe 11 Aprili 1963, alitaja haki ya kila mtu ya kusema mawazo yake, ndani ya mipaka ya maadili na ya manufaa ya wote. Na Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 23, yampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni yake, kwa sharti la kuheshimu sheria, utulivu wa watu wote na mwenendo mwema.

Basi fedha za daraja si mali ya mtu mmoja. Ni za wajane waliouza kuku wao, na za vijana waliobeba mizigo. Mtoto akichukuliwa na maji kwa sababu hakuna daraja, je, yule aliyejua akanyamaza atamjibu nini Mungu? Mara nyingi mtu husema kwamba anavumilia, kumbe anaogopa. Uvumilivu hubeba mateso yake mwenyewe. Si ruhusa ya kuwabebesha wengine mateso yao.

NENO LILILOCHOMA MASISI NA WALIKALE

Kisha katekista akamgeukia kijana, na uso wake ukawa mzito. Kijana alikuwa ameunganisha maneno mawili yasiyofanana. La kwanza lilikuwa: mtu huyu ametumia vibaya fedha. La pili lilikuwa: watu wa kabila lake wote ni wezi. Neno la kwanza lilihitaji uthibitisho. Neno la pili haliwezi kuthibitishwa kamwe, nalo ndilo neno lililoichoma nchi hiyo.

Watu wa Masisi na Walikale wanajua habari za mwaka 1993. Yalikuwapo malalamiko ya kweli, tena ya pande zote. Kati ya mwaka 1937 na 1955 serikali ya Wabelgiji ilileta Masisi familia nyingi kutoka Rwanda, ili walime na kufanya kazi katika mashamba ya wazungu. Wahunde waliona ardhi ya babu zao ikipungua. Wale walioletwa, na watoto wao waliozaliwa huko, walijiona hawana haki kamili: sheria ya mwaka 1972 iliwapa wengi wao uraia, na sheria ya mwaka 1981 ikawanyima tena. Nani awe chifu, nani apige kura, nani amiliki shamba: maswali hayo yalikuwa mazito, na watu walikuwa na haki ya kuyasema hadharani. Tena ulikuwa wakati wa uhuru mpya wa kusema, baada ya chama kimoja kuacha kutawala peke yake.

Lakini uhuru huo ulitumiwaje? Katika mikutano watu hawakusema tena: fulani amechukua shamba hili, na mashahidi ni hawa. Walisema: «wale». Watu wa namna moja waliitwa wageni wote pamoja, mzee na mtoto mchanga. Na wengine nao wakatukanwa wote pamoja. Wakuu wengine, waliopaswa kuzima moto, walisimama mbele ya watu wakauchochea. Tarehe 20 Machi 1993, siku ya Jumamosi, watu walishambuliwa na kuuawa katika soko la Ntoto, katika eneo la Walikale. Watu walikuwa wamekuja kuuza na kununua tu. Kutoka hapo mauaji yakaingia Masisi. Kisasi kikafuata kisasi. Wahunde, Wanyanga, Watembo, Wahutu na Watutsi, wote wakazika watu wao. Waliouawa walikuwa maelfu, na watu wapata 250,000 waliyakimbia makwao.

Panga halikuanza kazi siku ile ya soko. Kazi ilikuwa imeanza mapema, ulimi ulipowafundisha watu kumtazama jirani bila kuliona tena jina lake. Mtu hamuui kwa urahisi jirani aliyemkopesha jembe. Humwua akiisha kufundishwa kwamba huyo si jirani, bali ni mmoja wa «wale».

Mwaka uliofuata nchi jirani ya Rwanda iliona jambo hilo kwa ukubwa wa kutisha. Huko redio moja ya Kigali, iliyoanza mwaka 1993, iliwatukana Watutsi na kuwachochea wasikilizaji mpaka mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 yalipotokea. Tarehe 3 Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha iliwahukumu watu watatu, wawili wakiwa waanzilishi wa redio hiyo na mmoja mwenye gazeti. Walijitetea kwa kutaja uhuru wa kusema. Mahakama haikukubali kwamba uhuru huo ni ngao ya kuchochea mauaji. Na katika Kongo yenyewe sheria ya tarehe 7 Juni 1966 inaadhibu maneno na matendo ya kuwachukia watu kwa sababu ya rangi au kabila. Kwa hiyo kijana alikosea hata alipoitaja sheria ya nchi.

Ukumbukwe pia upande wa nuru. Kuanzia Novemba 1993 mpaka Februari 1994 palifanyika Masisi mikutano ya upatanisho, ambamo watu wa makanisa na wazee wa makabila walishiriki. Wale waliokuwa wakiwindana waliketi na kuelezana malalamiko yao, na kwa muda nchi ikatulia. Baadaye, tangu Julai 1994, vita vya nchi jirani vilivuka mpaka na kuvuruga mengi. Tena vita vimerudi mara nyingi. Lakini miezi ile ilionyesha kwamba malalamiko yaleyale yaliyoleta panga yaliweza kusemwa bila panga. Ardhi ilikuwa ileile na watu walewale. Namna ya kusema ndiyo iliyobadilika.

BARAZA LA TUBONDO

Wanyanga wa Walikale walijua jambo hilo tangu zamani. Wasimulizi wao husimulia habari za Mwindo. Masimulizi hayo yaliandikwa mwaka 1956 kutoka kinywani mwa mzee Candi Rureke, yakachapwa kitabuni mwaka 1969.

Mwindo alikuwa na haki ya kulalamika kuliko mtu yeyote. Baba yake, chifu Shemwindo wa Tubondo, alikataza wake zake wasimzalie mtoto wa kiume. Na Mwindo alipozaliwa, baba alijaribu kumwua, kisha akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mtoto aliokoka, akakimbilia kwa shangazi yake Iyangura. Alipopata nguvu alimwandama baba yake hata kuzimu. Lakini alipomkamata hakumwua. Alimrudisha Tubondo, na hapo watu wakakusanyika barazani. Baba akatakiwa aeleze mbele ya wote alilofanya na sababu yake. Shemwindo akakiri kosa lake. Iyangura akasimama, akamkemea kaka yake waziwazi. Kisha Mwindo akamsamehe baba yake, na amani ikarudi.

Wenye hekima watazame mpango wa baraza hilo. Kosa lilitajwa kwa jina lake, wala halikufichwa kwa sababu mkosaji alikuwa chifu. Mshtakiwa alikuwapo, akapewa nafasi ya kusema. Dada alimkemea kaka kwa kuwa alikuwa wake, si kwa kuwa alikuwa adui. Na mwisho wa maneno ulikuwa kupatana.

Masimulizi hayaishii hapo. Mwindo, baada ya kuwa chifu, alimwua joka lililokuwa rafiki wa Nkuba, yaani Radi. Nkuba akamchukua juu angani, akateswa kwa mvua, baridi na jua, mpaka majivuno yake yakaisha. Ndipo akarudi kuwapa watu wake sheria njema. Hata aliyekuwa na haki jana aweza kuwa mkosaji leo. Anayewalaumu wengine awe tayari kulaumiwa.

MASWALI MANNE YA KUPIMIA NENO

Basi katekista akawapa wakatekumeni wake wawili maswali manne. Akawaambia wayaweke moyoni kama mwuza duka awekavyo mizani juu ya meza, asiuze kitu bila kupima.

Swali la kwanza: Je, ni kweli? Na nimeijuaje? Amri ya nane yakataza kumshuhudia jirani uwongo. Kumzulia mtu kosa asilolifanya ni kumsingizia. Kumdhania mabaya bila sababu ya kutosha ni kumhukumu ovyo. Mtu akisema «nimesikia», bado hajajua. Siku hizi habari hupita kwa simu toka Goma mpaka Walikale kabla chungu hakijachemka, na anayeipeleka mbele habari ya uwongo ashiriki kosa la aliyeitunga, akiwa aliweza kuchunguza na hakutaka. Kijana alijua jambo moja tu: fedha zilichangwa na mbao hazikuonekana. Kwamba ziliibwa hakujua bado.

Swali la pili: Je, ni kosa la nani? Kosa ni la mtu aliyelifanya. Mbele ya Mungu hakuna kabila linaloungama kwa pamoja. Kila mmoja hupiga magoti peke yake katika Kitubio. Yezu alipoulizwa jirani ni nani, alimtaja Msamaria mwenye huruma, yaani mtu wa taifa lililodharauliwa na wasikilizaji wake. Mkristu akimlaumu mtu, ataje mtu, tendo, siku na mahali. Akijiona anataka kuongeza neno «wao wote», afunge kinywa hapohapo.

Swali la tatu: Je, hapa ndipo mahali pake? Kristu alionyesha njia, kama ilivyoandikwa na Mateo katika sura ya 18. Kwanza umwendee ndugu yako, wewe na yeye peke yenu. Asiposikia, uende na mmoja au wawili. Asiposikia bado, ndipo jambo lipelekwe mbele ya Eklezia. Mtakatifu Toma anaeleza kwamba kosa la siri lisilowadhuru wengine husahihishwa kwa siri, ili jina la mtu lisiharibiwe bure. Kosa lililofanywa mbele ya watu laweza kulaumiwa mbele ya watu. Na kosa la siri linalowahatarisha wengi, kama la mtu anayetaka kuwauza wenzake kwa adui, lisifichwe, isipokuwa onyo la siri laweza kulizuia mara moja. Kusimulia kosa la kweli la mwenzako pasipo sababu ni kusengenya, nako ni dhambi ingawa hakuna uwongo ndani yake.

Swali la nne: Je, nataka nini? Yupo anayelaumu ili daraja lijengwe, na yupo anayelaumu ili yeye apewe ufunguo wa sanduku. Maneno yao yaweza kuwa yaleyale. Nia zao ni mbali kama Masisi na bahari. Alama moja yawatofautisha: anayetaka kusahihisha hufurahi akikuta mwenzake hana kosa, na anayetaka kuangusha huhuzunika.

NA WAKUBWA WASIOSIKIA?

Yule mwenye umri mkubwa akauliza: «Mwalimu, jirani aweza kuendewa nyumbani kwake. Lakini mwenye bunduki anayetoza watu fedha njiani, ataendewa na nani peke yake? Wengine wameendewa, na waliokwenda hawakurudi.»

Swali hilo ni la haki. Kristu alitoa njia ile kwa ajili ya kumwokoa ndugu, wala hakuitoa iwe mtego wa kuwaangamiza wanyonge. Uovu ukitendwa wazi na mwenye nguvu, unaweza kusemwa wazi. Na yafaa wanyonge wauseme wakiwa wengi, kwa mashauri, kwa ushahidi, na kwa njia ya wale wenye wajibu wa kuwasemea: wazee, mapadri, wanasheria, waangalizi wa haki. Pia si lazima kila mtu ajitupe motoni. Wajibu wa kusahihisha haumfungi mtu pale ambapo neno lake halitamfaa yeyote, bali litaleta mabaya makubwa zaidi.

Lakini Mungu huwaita wengine kusema hata hivyo. Christophe Munzihirwa, Mjezuiti, Askofu Mkuu wa Bukavu, aliwalaumu hadharani askari wa nchi yake waliowanyang'anya raia, akawalaumu wakuu walioandaa vita, akawatetea wakimbizi waliochukiwa na wengi. Wengine walitaka awe wa upande mmoja, lakini yeye aliupima uovu wa kila upande kwa mizani moja. Tarehe 29 Oktoba 1996 aliuawa katika mji wa Bukavu. Neno la mtu kama huyo laaminiwa, kwa maana halikuhesabu kwanza ni kabila gani litakalofurahi.

MTU ANAYELAUMIWA AFANYEJE?

Yafaa pia kufikiri upande wa pili. Paulo mtume alimpinga Petro usoni, huko Antiokia, mbele ya wote, kwa kuwa Petro alikuwa ameacha kula pamoja na wakristu wasio Wayahudi. Petro alikuwa mkuu wa mitume. Hata hivyo Eklezia haikuvunjika, na wote wawili wanaheshimiwa katika sikukuu moja, tarehe 29 Juni. Kulaumiwa si kuuawa. Chifu, katekista, mwalimu au mtunza fedha anayemhesabu kila muulizaji kuwa adui amejifungia peke yake katika nyumba isiyo na dirisha.

Kristu mwenyewe, alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu kwa sababu ya jibu lake, hakurudisha kofi. Alimtaka aliyempiga aonyeshe ubaya wa maneno yake. Na kama hayana ubaya, aeleze sababu ya kumpiga. Hilo ni jibu la kila mtu anayelaumiwa bure: onyesha ubaya. Na anayelaumiwa kwa haki ana jibu fupi zaidi: nimekosa.

JINA LILILOIBWA LIRUDISHWE

Husimuliwa kwamba Mtakatifu Filipo Neri wa Roma alimpa mwanamke mmoja msengenyaji kitubio cha ajabu. Alimwagiza anyonyoe kuku huku akitembea njiani. Kisha akamtaka arudi kuyaokota manyoya yote. Mwanamke akasema haiwezekani, maana upepo umekwisha kuyapeleka. Ndivyo yalivyo maneno.

Aliyeiba mbuzi hapati kusamehewa akiwa bado anamfunga mbuzi huyo uani kwake, yampasa amrudishe. Hali kadhalika aliyeiba jina jema la mtu. Aliyesingizia mbele ya watu hamsini asitosheke kuomba radhi gizani. Aseme mbele ya hao hamsini kwamba alisema uwongo. Ni vigumu, na ugumu huo ndio sababu ya kupima neno kabla halijatoka.

MWISHO WA SANDUKU

Wakatekumeni wale wawili walishika shauri la katekista. Walimwendea mwenye ufunguo jioni, wao wawili tu, wakamwuliza kwa heshima. Akakasirika, akawafukuza. Wakarudi pamoja na wazee wawili, mmoja akiwa wa kabila la mwenye ufunguo, wakataka kuliona sanduku. Likafunguliwa. Zilikutwa faranga 350,000. Zilizobaki alikuwa amemkopesha shemeji yake, akitumaini zitarudi kabla watu hawajauliza.

Basi jambo likapelekwa barazani, kwa kuwa fedha zilikuwa za wote. Yule kijana ndiye aliyesimama kusema. Alitaja kiasi kilichochangwa, kiasi kilichokutwa, na siku ya kufungua sanduku. Hakutamka neno «mwizi», wala hakutaja kabila. Watu walikaa kimya, maana hesabu ilikuwa inatosha. Mwenye ufunguo akainama, akakiri. Ikaamuliwa arudishe faranga 250,000 kabla ya mavuno ya maharagwe, na ufunguo upewe watu watatu. Mzee wa kabila lake akasema: «Kama mngetutukana sote, ningemtetea hata kama ni mkosaji. Kwa kuwa mmemwonyesha yeye kosa lake, nami nitasimamia alipe.»

Neno hilo la mzee lastahili kukaa moyoni mwa kila mkatekumeni. Lawama ya haki humtenga mkosaji na kosa lake. Lawama ya matusi huwafunga pamoja mkosaji na ndugu zake wote, mpaka hata wema wao wamlinde. Siku ya Ubatizo mkristu hupakwa mafuta matakatifu na kushirikishwa kazi ya Kristu aliye kuhani, nabii na mfalme. Nabii si mtu wa kunyamaza, wala si mtu wa kutukana. Ni mtu wa kusema ukweli kwa ajili ya uzima wa watu.

MASWALI YA KUKUMBUKA

Je, mkristu ana ruhusa ya kumlaumu mwenzake mbele ya watu?
Anayo, ikiwa kosa ni la kweli, linawahusu watu wote, na njia ya faragha imeshindikana au haifai.

Kusingizia ni nini, na kusengenya ni nini?
Kusingizia ni kumzulia mwenzako kosa asilolifanya. Kusengenya ni kutangaza kosa lake la kweli pasipo sababu ya haki.

Je, yafaa kulilaumu kabila kwa kosa la mtu mmoja?
Haifai kamwe. Kosa ni la mtu aliyelifanya, na neno la namna hiyo limeua watu wengi.

Maswali manne ya kupimia neno ni yapi?
Je, ni kweli? Ni kosa la nani? Hapa ndipo mahali pake? Nami nataka nini?

Aliyeharibu jina la mwenzake afanyeje?
Atubu, aungame, na kulirudisha jina hilo mbele ya walewale waliosikia.